Kaunta Buku Shambani: Mikutano ya Klabu za Bustani, Kutoka Kijijini Hadi Kayole

Jumapili alasiri, ukitembea Kayole kutoka Junction kuelekea Masimba, huwezi kukosa kuona kikao. Viti vya plastiki vimepangwa kwa duara uani mwa ploti, au chini ya ngazi za ghorofa, au katika chumba cha nasari ambayo haina watoto wikendi. Mama mmoja ana kaunta buku magotini. Anaita majina, anatia alama, na aliyechelewa anatoa faini kabla hajaketi. Wapita njia wengi huona hapo mambo ya pesa tu: mchango wa wiki, merigoraundi ya kupokezana pesa kwa zamu, mkopo wa karo. Lakini, msikilizaji, utaratibu ule wote, kuanzia maombi ya kufungua hadi "shughuli nyinginezo", una umri mkubwa kuliko Kayole yenyewe. Ulikomaa mashambani, kando ya vitalu vya kabichi na miche ya miti, na ulikuja mjini na watu waliohamia hapa.

Kayole ni mtaa mchanga wa Nairobi. Mwaka 1978 serikali ilipata mkopo wa Benki ya Dunia kwa mradi wa pili wa miji, na kati ya maeneo yaliyopimwa viwanja chini ya mradi huo yalikuwa Kayole na Mathare North. Katika miaka ya 1980 watu walianza kujenga: Wakamba waliotoka upande wa Machakos na Kitui, Wakikuyu wa Murang'a na Nyeri, Waluhya, Wajaluo, Wakisii. Udongo walioukuta ni ule mweusi unaonata viatuni mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Timbo za mawe zilikuwa karibu, na mawe yake ndiyo yaliyojenga nyumba nyingi. Wengi wa waliohamia walikuwa wamelelewa katika vijiji ambamo mtu hakulima peke yake.

Kulima kwa pamoja kulikuwako kabla ya karatasi. Wakikuyu waliita ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga. Watu kumi au kumi na watano wanalima shamba la mmoja leo, la mwingine keshokutwa, na mwenye shamba anapika. Hapakuwa na katibu, lakini hesabu iliwekwa kichwani. Kila mmoja alijua ni nani aliyekuja alfajiri, nani aliyefika jua limeshapanda, na nani aliyetuma kijana mdogo badala yake. Zamu ya mtu huyo ilipofika, alilipwa kwa kipimo kile kile alichotoa.

Serikali ya kikoloni iliuona umoja huo ikautaka kwa matumizi yake. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa umeitia hofu, hasa Ukambani, na dawa yake ikawa amri: punguzeni mifugo, chimbeni matuta. Mwaka 1938 Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walikuja Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao, wakapiga kambi Kariokor. Murang'a nako, wanawake ndio waliobebeshwa mzigo wa kuchimba matuta chini ya usimamizi wa machifu. Julai 1947 mkutano mkubwa uliofanyika huko uliamua kwamba wanawake wasiende tena kwenye kazi hiyo, na kazi ikasimama. Jembe ni lile lile, matuta ni yale yale, na hata faida kwa udongo ni ile ile. Kilichokosekana ni kikao ambamo mchimbaji angesema achimbe wapi, lini na kwa nini.

Ushahidi wa jambo hilo ulikuja kutoka Machakos. Katika miaka ya 1950 idara ya maendeleo ya jamii iliacha vikundi vya mwethya vichague viongozi vyenyewe na kuamua shamba lipi litangulie. Wanachama wengi walikuwa wanawake. Walichukua mtindo wa fanya juu, yaani kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu ili tuta lijengeke lenyewe, wakaufikisha mlima baada ya mlima. Watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu kuhusu wilaya hiyo mwaka 1994. Walionyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado ardhi ilikuwa katika hali bora kuliko wakati ule maofisa walipodhani inageuka jangwa. Bei ya kahawa na soko la Nairobi vilisaidia, ni kweli. Lakini matuta yenyewe yalichimbwa na watu waliokuwa wameketi kwanza wakakubaliana.

Sasa tuje kwa watoto, maana huko ndiko wengi waliozaliwa wakati wa uhuru walikojifunza mkutano ni kitu gani. Mwaka 1962 Kenya ilianzisha klabu za 4-K. Mfano ulitoka Marekani, ambako klabu za vijana wa mashambani zilianza mwaka 1902 katika jimbo la Ohio na baadaye zikaitwa 4-H. Kenya iliwekea herufi zake maneno yake: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Klabu zilienea katika shule za msingi, zikisimamiwa na mwalimu mmoja na kutembelewa na afisa wa kilimo wa nyanjani, aliyekuja kwa baiskeli au pikipiki.

Siku ya klabu, masomo yakiisha, mwenyekiti alifungua mkutano. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mtoto wa darasa la sita au la saba. Wanachama walisimama wakatamka kaulimbiu yao. Katibu akasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, na hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Ikiwa kumbukumbu zilisema kitalu kitamwagiliwa maji asubuhi na jioni na kikundi cha pili, na miche imenyauka, kikundi cha pili kiliulizwa mbele ya wote. Hakuna aliyehitaji kupigiwa kelele na mwalimu. Kitabu kilikuwa kimesema. Mtoto wa miaka kumi na miwili alilazimika kusimama na kueleza, kwa lugha ya heshima na bila kumtupia mwenzake lawama, kwa nini maji hayakufika.

Kisha wakatoka kwenda shambani. Kamba ilifungwa kwenye vigingi viwili, ikanyooshwa, na mashimo ya kabichi yakachimbwa kwa kufuata kijiti kilichokatwa urefu wa sentimita 60, shimo hadi shimo, mstari hadi mstari. Watoto wengi walikuwa wakiona nyumbani mbegu ikimwagwa kwa mkono, na kile kijiti kiliwashangaza. Samadi ilipimwa kwa karai. Tarehe ya kupanda iliandikwa, tarehe ya kupalilia ikaandikwa, na kabichi zilipouzwa kwa walimu na wazazi, mweka hazina akasoma mapato na matumizi. Bei ya mbegu, bei ya dawa ya wadudu, kilichobaki. Watoto hao walifanya hesabu ya faida na hasara kwa kitu walichokilima kwa mikono yao, na kisha mazao bora yakapelekwa kwenye maonyesho ya kilimo, yale ambayo watu wa Kenya huyaita tu "sho".

Klabu hizo zilififia. Mitihani ilimeza saa za jioni, mashamba ya shule yakajengwa madarasa au kunyakuliwa, na afisa wa nyanjani akawa haonekani tena. Mwaka 2021 serikali ilizizindua upya, na mtaala wa umilisi umerudisha somo la kilimo katika shule za msingi. Ni hatua njema. Hata hivyo, ukiangalia kazi wanazopewa watoto, nyingi ni za mtoto mmoja mmoja: leta chupa iliyokatwa, panda dania, piga picha, mwalimu atoe alama. Mche unaota lakini mkutano haupo. Mtoto hajifunzi kuulizwa na wenzake kuhusu zamu ya maji, na hilo ndilo lililokuwa somo kubwa kuliko dania.

Kina mama nao walikuwa na njia yao. Maendeleo ya Wanawake ilianza mwaka 1952 mikononi mwa serikali ya kikoloni, na miaka ya hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau iliitia doa, kwa sababu katika vijiji vya Mkoa wa Kati vilivyozungushiwa miiba ilionekana kuwa upande wa wakubwa. Baadaye ilipata uongozi wa Waafrika, Phoebe Asiyo akiwa rais wa kwanza Mwafrika wa chama hicho. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vidogo vidogo vya mashinani vilijitungia ajenda, na maarufu zaidi ni vile vya mabati. Wanawake walilima vibarua kwa pamoja kwenye mashamba ya wenye uwezo, wakauza mboga, wakaweka pesa, na kila mwezi nyumba ya mmoja wao ikaondolewa nyasi na kuezekwa mabati. Mwanachama aliyekuwa ameshaezekewa hakuweza kuacha kuja, maana jina lake na idadi ya mabati aliyopokea vilikuwa kitabuni. Merigoraundi ya Kayole ni mtoto wa kikundi cha mabati, na kikundi cha mabati ni mtoto wa ngwatio.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilijaribu jambo ambalo sisi wa redio hatuna budi kulikumbuka. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Miaka miwili baadaye ikaja "Chakula ni Uhai", iliyohusu lishe. Kikundi kilikutana mara moja kwa wiki. Kiongozi alifungua redio, kipindi kikaisha, redio ikazimwa, na kitabu kikafunguliwa. Wakajadili: je, hapa kwetu mboga zinaliwa mara ngapi? Nani ana nafasi ya bustani? Kuku ni wangapi? Kisha wakaamua kitu cha kufanya kabla ya wiki ijayo. Redio iliwapa mada, ila uamuzi ulikuwa wao. Vipindi vya kilimo vya siku hizi, hapa Kenya na kwingineko, vina wataalamu wengi na simu nyingi za wasikilizaji, lakini kila msikilizaji yuko peke yake na simu yake.

Turudi Nairobi, tena hapa hapa Eastlands. Tarehe 5 Juni 1977 msafara ulitoka jumba la mikutano la KICC hadi uwanja wa Kamukunji, na Wangari Maathai na wenzake wakapanda miti saba. Hiyo ndiyo siku inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Green Belt Movement. Miti ya siku ile si habari kubwa kama kilichofuata vijijini. Vikundi vya wanawake vilianzisha vitalu, vikiotesha mbegu kwenye vyungu vilivyovunjika na mikebe. Maofisa wa misitu walitilia shaka kazi ya watu wasio na diploma. Wanawake waliendelea kuotesha, na malipo yao madogo yalitolewa kwa mche ulioshika, si kwa mche uliopandwa tu. Kwa hiyo ilibidi kikundi kikutane tena na tena kuhesabu: mingapi imekauka, mingapi imeliwa na mbuzi, ya nani haikuzungushiwa boma. Maathai alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, dunia iliona mti. Aliyewahi kuwa mwanachama wa kikundi aliona pia orodha ya majina na hesabu ya miche.

Basi mtu wa aina hiyo akahamia mjini. Alipofika Nairobi alikuta sheria ndogo za jiji, za mwaka 1961, zikikataza kulima kwenye barabara na maeneo ya umma. Kanjo, yaani askari wa jiji, walikuja na mapanga, mahindi yakafyekwa yakiwa yameanza kutoa ndevu. Watu walilima hivyo hivyo. Uchunguzi uliofanywa na Mazingira Institute mwaka 1985 katika miji sita ya Kenya ulionyesha kwamba asilimia 29 ya kaya zilikuwa zikipanda chakula mjini kwenyewe, na katika Nairobi asilimia 20. Wakulima wengi walikuwa wanawake, na chakula kingi kilikwenda sufuriani, si sokoni. Lakini kwa kuwa kulima kulikuwa kosa, mkulima wa mjini alijificha. Hakuitisha mkutano. Hakuandika jina lake popote. Hapo ndipo mji ulipotenganisha vitu viwili ambavyo kijiji kiliviweka pamoja: jembe likabaki la mtu binafsi kando ya mto na chini ya nyaya kubwa za umeme, na kaunta buku ikahamia kwenye chama cha pesa.

Katika Kayole ya leo nafasi imekuwa finyu zaidi. Ploti iliyopimwa kwa nyumba ya familia moja imepandishwa ghorofa tano au sita. Bustani ikahamia guniani, na kulijenga gunia vizuri ni ufundi. Unachukua mkebe mkubwa usio na kifuniko wala kitako, unausimamisha katikati ya gunia, unaujaza kokoto. Pembeni yake unaweka udongo uliochanganywa na samadi hadi ukingo wa mkebe. Kisha unauvuta mkebe juu polepole, kokoto zinabaki, unajaza tena, hadi gunia lote lina nguzo ya mawe katikati. Maji yanayomwagwa juu yanashuka kupitia nguzo ile na kuenea kila upande. Pasipo nguzo, maji hukaa juu, chini kukabaki kukavu, na sukuma wiki iliyopandwa kwenye matundu ya ubavuni hunyauka kwanza. Kokoto si shida Kayole. Shida ni maji ya mtungi, ambayo katika wiki za mgao hununuliwa, na shida kubwa zaidi ni udongo.

Tuseme wazi kuhusu udongo huo, kwa sababu ni afya ya watoto. Jirani yetu wa kaskazini ni Dandora, penye jaa kuu la taka la jiji. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo, na udongo wa hapo nao ulikuwa umechafuka. Upande wa Maili Saba, wakulima wamenyunyizia mboga zao maji taka kwa miaka mingi kwa kuwa hawana mengine. Mtu mmoja mwenye magunia matatu hawezi kupima udongo wala kukodi lori la kuuleta kutoka mahali salama. Watu ishirini waliochanga wanaweza. Kwa hiyo mkutano, ambao kijijini ulikuwa wa kugawana zamu ya jembe, Kayole ni wa kujua unachokila kimeota kwenye udongo gani.

Dalili njema zipo. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, vijana wa Kibera walisafisha jaa la taka kando ya reli wakaligeuza shamba la mboga. Kule Korogocho, kikundi cha Komb Green kimesafisha ukingo wa Mto Nairobi na kupanda miti na bustani mahali ambapo watu waliogopa kupita. Mwaka 2020, korona ilipofunga kazi za watu, wizara ya kilimo ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Tofauti kati ya mifano hii iko wazi kwa anayetaka kuiona. Kifurushi cha bustani kilichogawiwa nyumba kwa nyumba hutegemea moyo wa mwenye nyumba, na akihama ploti, kimekwisha. Mahali pa kikundi hudumu hata mwanachama akihama, kwa kuwa mwingine anaandikwa.

Sheria nayo si ile ya 1961 tena. Bunge la Kaunti ya Nairobi lilipitisha mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kulima Nairobi, kwa kufuata masharti, si kosa. Na tangu 2022 kuna sheria ya taifa ya usajili wa vikundi vya kijamii: watu kumi wakikutana, wakawa na katiba, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano, wanasajiliwa na afisa wa maendeleo ya jamii na wanaweza kuomba nafasi ya kulima kwa jina la kikundi.

Kwa hiyo ombi hili linawaendea kina mama na vijana wa Kayole wenye chama kinachokutana kila Jumapili. Kitabu mnacho, mwenyekiti mnaye, faini mnajua kutoza. Ongezeni ajenda moja: bustani. Andikeni barua kwa bodi ya shule iliyo karibu, muombe ukingo mmoja wa uwanja, mkubaliane kwa maandishi muda wa kuutumia na maji yatatoka wapi, na muwashirikishe watoto wa klabu ya 4-K katika kikao na si katika kupalilia tu. Walimu wakuu, mkiipokea barua hiyo, msiiweke kabatini. Nanyi waheshimiwa wa wadi za Kayole North, Kayole Central na Kayole South, nafasi za umma zilizobaki mnazijua zilipo. Zipimwe na udongo wake upimwe, kabla ghorofa nyingine haijamea juu yake.